Jina la Kompyuta Nalo Lina Mwenyewe

Kata ya Ilomba imekaa kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia, ndani ya Jiji la Mbeya ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia wakazi 541,603. Katika mitaa ya namna hii mtandao wa ndani si kitu cha ofisi kubwa tena. Steshenari ya kawaida ina kompyuta mbili, printa moja inayotumiwa na zote mbili, na ruta iliyobandikwa ukutani; nyumba yenye wapangaji ina kamera za ulinzi, runinga na simu kadhaa zinazogawana intaneti ileile. Vifaa hivi vinatambuana kwa namba. Leo printa ni 192.168.1.5; umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuanza kugawa namba upya, na printa ikaamkia 192.168.1.9. Mteja amesimama kaunta na flashi mkononi, kompyuta inasema printa haipo, na printa yenyewe iko hatua mbili kutoka pale, taa yake ya kijani inawaka. Kinachofanyika mara nyingi ni kuzima kila kitu na kuwasha tena, au kumpigia fundi simu. Dawa ya kweli ni jina: kifaa kipewe jina lisilobadilika, na ruta ibebe kazi ya kujua jina hilo lina namba gani kwa sasa. Hapo ndipo linapokuja swali ambalo mafundi wengi hulipita haraka. Jina hilo liishie na nini? Iwe printa.local, printa.home, au printa.nyumbani? Hoja ya makala haya ni kwamba jina la ndani, hata kama halikukusudiwa kuvuka ukuta wa nyumba, halina usalama mpaka lisimame juu ya tawi lenye mwenyewe anayejulikana, au juu ya tawi lililotengwa kwa makubaliano ya wote. Historia ya majina ya kompyuta, tangu mwanzo hadi miaka hii, ni ushahidi wa jambo hilo moja.

Mtandao wa ARPANET wa Marekani, mzazi wa intaneti, ulianza mwaka 1969 ukiwa na vituo vinne, na miaka ya mwanzo kila kituo kiliziita mashine za wenzake kama kilivyopenda. Mashine moja ikawa na majina tofauti kutegemea umeuliza wapi. Septemba 1971 Peggy Karp aliandika waraka akipendekeza orodha moja ya majina kwa vituo vyote, na baadaye kazi ya kuitunza orodha hiyo ikaangukia taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, chini ya Elizabeth Feinler. Aliyetaka jina aliwasiliana na ofisi yake. Ofisi ikaangalia kama jina limeshachukuliwa, ikaliingiza kwenye faili lililoitwa HOSTS.TXT, kisha vituo vyote vikalivuta faili hilo na kulihifadhi kwao. Mashine zilipokuwa chache, utaratibu ulitosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa mamia, mabadiliko yakawa ya kila mara, na nakala ilipofika kituoni ilikuwa imeshapitwa na wakati. Ofisi ya Feinler haikuzidiwa kwa uzembe. Ilizidiwa kwa sababu mamlaka yote juu ya majina yalikaa mahali pamoja, ilhali wenye haja ya majina walikuwa kila mahali. Masalia ya utaratibu huo yamo hadi leo katika kompyuta ya steshenari. Ndani ya Windows, ukifungua folda ya System32, kisha drivers, kisha etc, utakuta faili dogo liitwalo hosts. Andika humo mstari mmoja wenye namba ya printa, acha nafasi, andika jina lake, na kompyuta hiyo italifuata jina hilo kabla haijauliza popote. Ila kompyuta zikiwa mbili utaandika mara mbili, namba ikibadilika utafuta mara mbili, na simu za wateja hazitakuwa na habari kabisa.

Aliyeutatua mkwamo wa HOSTS.TXT ni Paul Mockapetris wa Chuo Kikuu cha Southern California. Jon Postel alimpa mapendekezo matano yaliyokuwa yakishindana amtafutie muafaka. Yeye akaja na mfumo wake mwenyewe, uliochapishwa Novemba 1983, ambao ndio huu unaojulikana kwa kifupi kama DNS. Hakutengeneza orodha ndefu zaidi. Aligawa mamlaka: mwenye shina anakabidhi matawi, mwenye tawi anakabidhi vitawi, na kila mmoja anatunza majina yaliyo chini yake bila kuomba ruhusa kila siku. Tanzania ilichelewa kuingia katika mti huo, na kuchelewa kwake kuna sababu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, marufuku iliyokuja kulegezwa taratibu baadaye. Kikoa cha .tz kilipokabidhiwa mwaka 1995, kanuni za Mockapetris zilikuwa na umri wa miaka 12. Mwaka 2006 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, waliunda tzNIC kusimamia majina ya nchi, na mwaka 2010 usimamizi wa .tz ukahamishiwa rasmi kwake. Chini ya .tz kuna co.tz ya biashara, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule, go.tz ya Serikali, hata me.tz ya mtu binafsi. Matunda ya mgawanyo huu yanaonekana Mbeya kwenyewe: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, kinaweza kuziita seva zake chochote kinachotaka chini ya must.ac.tz, na hakuna mtu wa Nairobi wala wa Muscat atakayegongana nacho.

Pengo liliachwa upande wa nyumbani, na ndilo kiini cha tatizo letu. Februari 1996 wahandisi wa intaneti walitenga mafungu matatu ya namba kwa mitandao ya ndani: yanayoanza na 10, yale ya 172.16 hadi 172.31, na yale ya 192.168 yenye nafasi 65,536. Namba hizo hazina mwenyewe duniani, kila nyumba inaruhusiwa kuzitumia, na hazipelekwi nje. Ndiyo maana steshenari ya Ilomba na duka la Iringa zinaweza zote kuwa na 192.168.1.5 bila ugomvi. Uamuzi ule ulikuwa wa busara kubwa. Kwa namba, ardhi ya wote ikapimwa na mipaka ikawekwa. Kwa majina, haikupimwa. Mwaka 1999 yalitengwa majina machache kama .test na .example, lakini hayo ni ya majaribio na ya kuandikia mifano, si ya nyumba. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuipa printa yake jina kamili aliachwa abuni mwisho wa jina kichwani mwake, na watu wakabuni.

Walibuni kwa wingi, na waliobuni walijumuisha makampuni makubwa. Small Business Server ya Microsoft ya mwaka 2003, iliyofungwa katika ofisi ndogo duniani kote, ilimpendekezea fundi atumie .local. Mwaka uliotangulia, Agosti 2002, Apple nayo ilikuwa imetoa katika Mac OS X utaratibu uliosukumwa na Stuart Cheshire, ambapo vifaa vinatangaziana majina vyenyewe ndani ya mtandao bila seva yoyote, na ukachukua .local hiyohiyo. Matokeo yake, ofisi yenye seva ya Microsoft na kompyuta za Apple ikawa na majina yanayopatikana upande mmoja na kupotea upande wa pili, na mafundi wakahangaika kutafuta ubovu kwenye nyaya ilhali nyaya zilikuwa nzima. Ugomvi uliamuliwa Februari 2013, pale .local ilipotengwa rasmi kwa utaratibu wa kutangaziana. Waliokuwa wameshajenga ofisi nzima juu yake kwa njia ya seva wakabaki upande uliokosa. Wengine walichagua .home na .corp. Ruta na kompyuta zao zikawa zinavujisha majina hayo nje: laptopu iliyozoea kuuliza printa.home ikichukuliwa kwenda hotelini, inauliza vilevile huko, na swali linapanda hadi kwenye seva za shina la dunia. Maswali hayo yalikuwa mengi kiasi kwamba ICANN, shirika linalosimamia shina, lilipofungua dirisha la vikoa vipya mwaka 2012 kwa ada ya dola 185,000 kwa kila ombi, na kampuni kadhaa zikaomba .home na .corp, lilisita. Kuiuza .home kungekuwa kumpa mtu mmoja uwezo wa kupokea maswali ya nyumba zisizohesabika. Februari 2018 bodi ya ICANN iliamua kwamba .home, .corp na .mail havitaendelea.

Nyumba zilizotumia .home ziliokolewa na wingi wao. Wachache hawana kinga hiyo, na mfano wake ni wa juzi tu. Ruta za FRITZ!Box za kampuni ya AVM ya Ujerumani kwa miaka mingi ziliwaelekeza wenye nyumba waandike fritz.box ili kuufungua ukurasa wa mipangilio. Ndani ya nyumba jina lilifanya kazi, kwa kuwa ruta yenyewe ndiyo iliyojibu. Lakini .box baadaye kikawa kikoa halisi, na mapema mwaka 2024 kilipofunguliwa kwa umma, mtu mwingine akalisajili fritz.box. Aliyekuwa nje ya mtandao wake, au ambaye kompyuta yake iliuliza seva nyingine badala ya ruta, alipelekwa kwenye tovuti ya mgeni, mahali ambapo alikuwa amezoea kuandika nywila. Kampuni ililazimika kupitia taratibu za migogoro ya majina ili kulirudisha. Hapa hakukuwa na kosa la mtumiaji wala la umeme wala la nyaya. Jina lilijengwa kwenye ardhi isiyo na hati, na mwenye hati alipotokea, jina likaenda.

Watanzania wana sababu ya kulielewa jambo hili haraka, kwa kuwa wamelipitia kwenye nyumba zao wenyewe. Kwa miongo mingi barua ilifika kwa S.L.P. ya posta, na nyumba ilielekezwa kwa kanisa, mwembe au jina la mwenye duka. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya Anwani za Makazi, ikikusudiwa kukamilika kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka huo, na mitaa ikapewa majina, nyumba zikabandikwa namba. Mtaa wa Sokoni au wa Shuleni unaweza kuwapo katika miji mingi, na nyumba namba 12 ipo karibu kila mtaa. Kinachozuia mgongano ni kwamba namba iko chini ya barabara, barabara chini ya kata, kata chini ya halmashauri, na juu yake kuna postikodi ya tarakimu tano ambayo kwa mkoa wa Mbeya inaanza na 53. Hakuna anayedhani ni ujinga kuipa nyumba ya vyumba viwili anwani kamili. Printa iliyo ndani ya nyumba hiyo inastahili uangalifu uleule.

Wapo watakaosema nyumba yenye vifaa vitatu haihitaji haya yote. Namba ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe pembeni ya ruta, na printa ifungiwe namba yake isihame. Ushauri huo una ukweli nusu. Kuifungia printa namba ni hatua nzuri, na mwenye jina ataihitaji pia. Lakini watu wa Mbeya, kama wengine nchini, hubadili mtoa huduma pale bando la mwingine linapokuwa nafuu au mnara wake unapokuwa karibu, na kila ruta huja na fungu lake: nyingine 192.168.0, nyingine 192.168.1, ruta nyingi za Huawei za laini ya simu 192.168.8, na zile za waya wa faiba 192.168.100. Siku ya kubadili ruta, karatasi nzima inakufa kwa pamoja, pamoja na kila mpangilio wa kamera na printa uliotegemea namba zake. Jina linavuka mabadiliko hayo, kwa sababu kinachobadilishwa ni jibu lililo mahali pamoja, si swali lililotawanyika katika kila kifaa.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema mambo yote yameshahamia kwenye seva za mbali: kamera ina programu yake ya simu, printa inachapa kupitia akaunti ya kampuni iliyoitengeneza, kwa hiyo majina ya ndani ni mambo ya zamani. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, maana kwa mtu asiye na fundi njia hiyo kweli ni nyepesi. Gharama yake huonekana baadaye. Picha ya kamera ya getini inasafiri hadi bara jingine na kurudi chumbani, ikila bando njia nzima. Tena tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo, printa inayotegemea akaunti ya ughaibuni haiwezi kuchapa hata barua iliyoandikwa kwenye kompyuta iliyo pembeni yake, wakati umeme upo, ruta inawaka na waya ni mzima. Mtandao wenye majina yake wenyewe ungeendelea na kazi, kwa kuwa swali na jibu havitoki nje ya chumba.

Basi mwenye nyumba achague nini? Hatimaye wahandisi na ICANN wamelijaza lile pengo, ingawa kwa kuchelewa. Mei 2018 home.arpa ilitengwa kwa ajili ya mitandao ya nyumbani, na Julai 2024 bodi ya ICANN ikatenga .internal kwa matumizi ya ndani, ikiahidi kwamba haitauzwa kwa yeyote. Kwa nyumba ya Ilomba, printa.home.arpa ni jina salama. Najua litalalamikiwa kwamba ni la kigeni na halipendezi, na malalamiko hayo ni ya haki: hakuna neno la Kiswahili, wala la lugha nyingine yoyote ya Afrika, lililotengwa kwa kazi hii, na waliokaa mezani kuamua hawakuwa wakifikiria nyumba za Mbeya. Hata hivyo dawa ya malalamiko si kujitungia .nyumbani. Neno hilo halijatengwa. Halizuiwi kuombwa na kampuni yoyote yenye fedha, na siku likiuzwa yatatokea ya fritz.box. Sehemu ya mbele ya jina, ambayo ndiyo watu wanaitamka kila siku, iko huru kabisa kuwa ya Kiswahili: getini, sebuleni, kaunta, printa. Kanuni zinaruhusu herufi za a hadi z, tarakimu na kistari, na Kiswahili kinaingia humo bila shida, isipokuwa maneno yenye ng' kama ng'ombe, ambayo alama yake haikubaliki.

Kwa mwenye biashara, shule au zahanati napendekeza hatua moja zaidi: asajili jina lake chini ya .tz na atenge tawi la ndani chini yake. Mwenye duka aliyesajili jina chini ya co.tz anaweza kuwa na tawi la ndani, na chini yake printa na kamera, ilimradi ada ya kila mwaka ilipwe. Faida yake si heshima tu. Mamlaka zinazotoa vyeti vya usalama vya tovuti, vile vinavyoweka alama ya kufuli kwenye kivinjari, zilikubaliana kutotoa tena vyeti kwa majina ya kubuni baada ya Novemba 2015, na vilivyobaki vikafutwa kufikia Oktoba 2016. Anayetumia .internal au home.arpa naye hawezi kukipata, kwa sababu hawezi kuthibitisha kuwa ni lake peke yake. Mwenye tawi lake anathibitisha umiliki kwa kuweka rekodi kwenye kikoa chake, cheti kinatoka hata bure, na zahanati inayohifadhi kumbukumbu za wagonjwa kwenye seva iliyo chumba cha pili haimfundishi tena muuguzi kubofya na kulipita onyo la hatari kila asubuhi.

Kikwazo kinachobaki kiko kwenye kifaa chenyewe. Jina la ndani linahitaji mahali pa kuandikwa, na mahali pake pa asili ni ruta, kwani ndiyo inayogawa namba na ndiyo inayoulizwa kwanza. Ruta nyingi zinazokuja na vifurushi vya intaneti zimefungwa: mteja hapewi nywila ya msimamizi, au ukurasa wa majina umeondolewa, na mabadiliko yake yanapotea kila kampuni inaposasisha programu kutoka mbali. Ipo njia ya kuzunguka, nayo ni kuweka kompyuta ndogo pembeni, hata laptopu ya zamani, ikiwa na programu ya bure ya dnsmasq aliyoiandika Simon Kelley, ichukue kazi ya kugawa namba na kujibu majina. Fundi mzuri anaweza kuifunga. Lakini kuzima ugawaji wa namba kwenye ruta, ili kazi hiyo ihamie kwenye kompyuta ndogo, kunahitaji nywila ileile ambayo mteja amenyimwa. Ruta iliyonunuliwa na mteja ikiwa ndani ya kifurushi chake ni mali yake, na watoa huduma wamkabidhi nywila yake siku inapofungwa ukutani.